Miaka minne ya karate haikunisaidia nilipopigwa roba: nifanye mazoezi gani?

Mkanda wa Kijani

Habari za jioni, wakuu. Ninaishi Dar es Salaam, nina umri wa miaka 29, na huu ni mwaka wangu wa nne katika karate ya Shotokan. Wiki tatu zilizopita, yapata saa tatu usiku, nilishuka daladala Ubungo, nikapita njia ya mkato nyuma ya fremu za maduka zilizokwisha kufungwa, na huko nikapigwa roba ya mbao. Mmoja alinikaba shingo kutoka nyuma, wa pili akanipekua mifuko, na kama alikuwapo wa tatu sikumwona. Ngumi na mateke niliyoyarudia maelfu ya mara hayakuja kabisa. Niliushika tu mkono ulionikaba nikasimama kama mti. Simu na pochi vilikwenda, na kwa siku nne nilikuwa nikimeza chakula kwa maumivu.

Sensei wangu, yaani mwalimu wangu, ninamheshimu, na sitaki kusema kwamba karate haina maana. Ninauliza kama kuna namna ya kuyafanya haya ninayoyajua yafanye kazi gizani, au nihamie mchezo mwingine. Ningependa kujibiwa na watu waliowahi kukabwa au wanaofundisha, si na waliotazama sinema.

Mzee wa Dojo

Pole sana, mdogo wangu. Ninafundisha mtindo huohuo, kwa hiyo nitasema na wewe kwa lugha ya dojo, ukumbi wetu wa mazoezi.

Ikiwa una mkanda wa kijani, bila shaka unaijua Heian Sandan, moja ya kata zetu, yaani mifuatano ya harakati ambayo mtu huifanya peke yake. Zikumbuke harakati zake mbili za mwisho: unateleza upande, kiwiko kimoja kinakwenda nyuma, na ngumi ya mkono wa pili inapita juu ya bega. Walimu wengi huzieleza kuwa ni jibu kwa mtu aliyekushika kutoka nyuma. Kwa maneno mengine, umekuwa ukijibu shambulio la nyuma kila wiki, ila hakuna hata siku moja ambapo mtu alikushika kweli wakati ukijibu. Kata za Heian zilitungwa na mwalimu wa karate Anko Itosu mwanzoni mwa karne ya 20 kwa ajili ya wanafunzi wa shule za Okinawa, Japani, watoto wengi wakiwa wamepangwa mistari, na ndiyo sababu zinafundishika vizuri bila mwenza. Zinaweza pia kukaa mwilini kama wimbo ambao mtu anauimba bila kuyajua maneno yake.

Kumite, yaani pambano la watu wawili, nayo ina lake. Tunatazamana, tunainamiana, mwamuzi anaamuru tuanze, na ngumi inasimama kabla ya kufika. Kwa miaka minne mwili wako umefundishwa kusubiri amri na kujizuia usiguse, na usiku ule ulitii mafunzo hayo kikamilifu. Sikulaumu, sisi walimu ndio tuliokufundisha hivyo. Usiache karate, lakini mwombe sensei robo saa ya mwisho ya kila kipindi mkabane kweli.

Judoka wa Unguja

Ninaongezea pale alipoishia mzee. Jigoro Kano, mwasisi wa judo, alipoanzisha shule yake ya Kodokan mwaka 1882 alikumbana na swali linalofanana na lako, kwa sababu mbinu za jujutsu, sanaa ya kale ya mapigano ya Kijapani, zilizokuwa hatari zaidi hazikuweza kufanyiwa mazoezi kwa nguvu zote bila kuwavunja wanafunzi. Aliziondoa katika mazoezi huru, akabakiza kuangusha, kubana na kukaba, ambazo watu wawili wanaweza kufanyiana kwa nguvu huku kila mmoja akimpinga mwenzake, na kesho wakarudi wote wazima. Mazoezi hayo ndiyo randori. Mimi huamini mbinu moja ya kawaida niliyoifanya mbele ya mtu anayekataa kuliko ishirini za kutisha nilizozifanya hewani.

Sasa roba yenyewe. Mkono ukibana barabara pande zote mbili za shingo, damu inayokwenda kichwani hupungua na mtu anaweza kuzirai ndani ya sekunde kama kumi, kwa hiyo usianze na kiwiko. Silika yako ya kuushika ule mkono ilikuwa sahihi, ila uliishia katikati. Ushike kwa mikono miwili, uuvute chini kifuani kama unayening'inia juu yake, na wakati huohuo inamisha kidevu ukigeuze kuelekea pale kiwiko chake kinapokunjika, kwa kuwa hapo ndipo koo hupata nafasi. Kisha shusha makalio na upanue miguu, maana mkabaji mzoefu hukuvuta nyuma mpaka visigino vinyanyuke, na mtu aliyepindishwa mgongo hivyo hana nguvu ya kufanya lolote. Ukishapata pumzi ndipo viwiko, kumkanyaga mguu, kugeuka, na kukimbia.

Fanyeni polepole kwanza, mbele ya mwalimu, na anayekaba aachie mara tu anapopigwapigwa mkononi. Msijaribiane nyumbani kwa kubahatisha.

Mama wa Genge

Wanangu, nimewasoma kwa makini, lakini hakuna aliyeuliza kama yule wa pili alikuwa na kisu. Mimi hufunga genge langu saa nne usiku na nimewahi kukabwa mara mbili. Mara ya kwanza walikuwa watatu, nikawapa simu, nikafika nyumbani. Mara ya pili alikuwa mmoja, akitaka kuniburuta kuingia pagala, na hapo nilimng'ata mkono mpaka akaniachia. Simu hununuliwa nyingine. Pagalani nisingeingia kwa hiari. Kwa hiyo kabla ya kidevu na kiwiko, kijana ajue kwanza wanachokitaka.

Tena, mwanangu, ile njia ya mkato bado unaipita?

Wakili Pembeni

Naomba kugusia sheria kwa ufupi. Kanuni ya Adhabu ya Tanzania, Sura ya 16, inampa kila mtu haki ya kujilinda, kumlinda mwingine na kulinda mali, lakini nguvu inayoruhusiwa ni ile ya kiasi inayohitajika kwa ulinzi huo, na anayeivuka huwajibika kwa jinai itokanayo na ziada hiyo. Ukimwangusha kibaka akawa hoi, kisha ukaendelea kumpiga mateke kwa hasira, wewe ndiye utakayekuwa na maelezo ya kutoa kituoni.

Jambo la pili ni umati. Watu wakikimbilia kelele za "mwizi" gizani, wakakuta umemkalia mtu kifuani, hawana njia ya kujua nani alimkaba nani, na sote tunajua matofali yanavyoanza kurushwa hapa mjini. Ukishajinasua, ondoka. Ripoti kituoni, chukua PF3, fomu ya polisi ya matibabu, na uende hospitali, hasa kwa kuwa ulikuwa ukimeza kwa maumivu. Sauti ikikwaruza au pumzi ikibana baada ya kukabwa, usingoje kesho.

Mkanda wa Kijani

Ninawashukuru wote. Mama, sipiti tena. Ninazunguka barabara kubwa, dakika kumi zaidi. Hospitali nilichelewa kwenda, lakini nimekwenda na koo halina tatizo. Kisu sikukiona, na nikiri kwamba hata kukitafuta kwa macho sikukumbuka.

Jumamosi sensei alikubali kutupa ile robo saa. Mwenzangu mwenye mkanda wa kahawia alinikaba mara kumi, nikatoka mara mbili. Mara zote nane nilizoshindwa nilikumbuka kidevu nikasahau makalio.

Judoka wa Unguja

Mbili kwa siku ya kwanza si haba. Jumamosi ijayo mwambie akukabe wakati ukifunga mkanda, bila kukwambia anaanza lini.