Mama ana milki ya maisha juu ya shamba la marehemu baba. Je, kaka anaweza kuuza fungu lake sasa?

Kitindamimba wa Kitale:
Wanajukwaa, hamjambo. Baba yetu alifariki bila wosia, akamwacha mama, ambaye ni mke wake wa pekee, pamoja na sisi watoto wanne ambao sote tumekwisha kuwa watu wazima. Hati ya uthibitisho wa usimamizi tuliyopewa na mahakama inaeleza kwamba mama atashika shamba la ekari sita kwa muda wote wa maisha yake, na baada yake ligawanywe sawasawa kati yetu. Sasa kaka yetu mkubwa amepokea malipo ya kwanza kutoka kwa jirani kwa ekari moja na nusu, akisema kwamba anauza kilicho chake na kwamba mama hahusiki. Mama naye anataka kuuza ekari moja ili alipie matibabu. Zaidi ya hayo, baba wadogo wanamwambia dada yetu aliyeolewa kwamba yeye hahesabiki. Nani kati yao ana haki ya kuuza, na kwa utaratibu gani?

Karani Mstaafu:
Ndugu, tuanze na kaka yako, kwa kuwa hapo ndipo kosa ni kubwa zaidi. Kifungu cha 35 cha Sheria ya Urithi ya Kenya, Sura ya 160, kinampa mjane vyombo vya nyumbani na vitu binafsi vya marehemu viwe vyake kabisa, kisha kinampa milki ya maisha juu ya mali yote inayosalia baada ya madeni na gharama kulipwa. Ninyi watoto mna haki katika shamba hilo tangu sasa, lakini kulichukua na kuligawa kunasubiri milki ya mama ifike mwisho. Kaka anachoweza kujivunia leo ni matarajio yanayotambuliwa na sheria. Hana ekari moja na nusu yenye mipaka, wala hati miliki ya kumkabidhi mtu.

Hata hilo fungu la robo halijakaza. Kifungu hichohicho kinamruhusu mama, akiwa hai, kumpa mtoto yeyote sehemu ya mali hiyo kama zawadi inayoanza kufanya kazi papo hapo, ingawa hawezi kufanya hivyo kwa wosia wala kwa ahadi ya siku zijazo. Mtoto anayeona kwamba mama ametumia uwezo huo isivyo haki, au ameukalia bila sababu, anaweza kwenda mahakamani. Ongeza kifungu cha 42: ikiwa baba alikuwa amemgawia kaka ploti wakati wa uhai wake, ploti hiyo itahesabiwa katika fungu lake siku ya kugawana. Jirani, kwa hiyo, amelipia kitu ambacho ukubwa wake haujulikani, mahali pake shambani hapajulikani, na siku ya kukipata haijulikani.

Kuhusu dada, sheria inasema watoto bila kutenga wa kike na wa kiume, waliooa na wasiooa. Vifungu vya 32 na 33 viliacha mashamba na mifugo ya wilaya chache zilizotajwa mikononi mwa mila, kama vile Pokot Magharibi na Turkana, lakini Trans Nzoia, ilipo Kitale yenu, haimo. Baba wadogo hawana hoja.

Mwanasheria wa Kijijini:
Naafiki, na niongeze upande wa mama. Kifungu cha 37 kinamruhusu mwenye milki ya maisha kuuza sehemu ya mali iwapo ni lazima kwa ajili ya kujikimu, akiwa na idhini ya wadhamini wenzake, yaani wanaoisimamia mali pamoja naye, na ya watoto wote waliotimia umri, au idhini ya mahakama. Kwa ardhi, hata hivyo, idhini ya mahakama haiepukiki kamwe, hata kama ninyi wanne mmetia sahihi mbele ya chifu. Nimeona familia nyingi zikidhani kwamba barua ya chifu inatosha, na mnunuzi akabaki na karatasi tu. Mama aombe ruhusa akiambatisha stakabadhi za hospitali, na ninyi mwape viapo vya kukubali, kwani mahakama huridhika haraka zaidi familia inapozungumza kwa sauti moja.

Sheria iliandikwa pia kwamba milki ya mjane mwanamke hukoma akiolewa tena, sharti ambalo halikumgusa mwanamume aliyefiwa. Mimi naliona ni la kibaguzi, na ni vigumu kulipatanisha na Ibara ya 27 ya Katiba ya 2010, inayokataza ubaguzi; Mahakama Kuu nayo ililitangaza kuwa kinyume cha Katiba mwaka 2022.

Msomaji wa Kibokoni:
Wasomaji Waislamu wasiyachukue haya kuwa yao. Kifungu cha 2 kinaondoa mirathi ya Mwislamu katika sheria hiyo. Mjane mwenye watoto hupata thumuni yake, yaani sehemu moja ya nane, moja kwa moja, nayo ni mali yake ya kuuza au kurithisha, na kila mtoto hupata fungu lake bila kusubiri kifo cha mama.

Kitindamimba wa Kitale:
Ahsanteni sana. Kaka ameshatumia sehemu ya fedha, na jirani anatishia kuleta trekta msimu ujao. Tumzuie vipi bila kugombana?

Karani Mstaafu:
Mwende kwenye ofisi ya msajili wa ardhi mkaandikishe tahadhari juu ya shamba, yaani ilani ya kuzuia lisihamishwe kwa mtu mwingine, mkitaja hati ya mahakama kuwa msingi wa madai yenu. Kisha mwandikieni jirani barua ya heshima, mkiambatisha nakala ya hati hiyo, ili asije akasema hakujua. Mwelezeni pia kwamba, kwa kuwa ni shamba la kilimo katika eneo lenye bodi ya udhibiti wa ardhi, mauziano yaliyokosa idhini ya bodi ni batili, na maombi ya idhini hutakiwa kupelekwa ndani ya miezi sita tangu mapatano. Sheria hiyo ya udhibiti wa ardhi inamruhusu jirani kudai alichomlipa kaka kama deni la kawaida. Deni hilo ni la kaka peke yake, wala haliwezi kumpa jirani ruhusa ya kuingiza trekta katika shamba ambalo mama angali analishika.