Amefuta 201 akaandika 500, kisha akaagiza chai

Ndugu wanajukwaa, ninaandika mikono ikiwa bado inatetemeka, na sitamtaja mhusika kwa kuwa nyote mnamfahamu.

Jana jioni niliandika jaribio moja, yaani kiprogramu cha kukagua mfumo wetu wa kuhifadhi nafasi za kupanda mlima: ombi linatumwa kwenye API, yaani mlango ambao programu huongea na seva, likiwa na jina la mgeni, idadi ya watu na tarehe ya kuanza safari, na seva inatakiwa kujibu 201, yaani nafasi imeandikwa. Seva ikajibu 500, maana yake imeanguka yenyewe ndani kwa ndani. Jaribio likawa jekundu, yaani limefeli, kama lilivyopaswa, nami nikamwachia yule bwana aitafute kasoro.

Leo nimefika ofisini hapa Sakina nikakuta kila kitu ni kijani, nikafurahi kama mtoto aliyenunuliwa viatu vya Krismasi. Nikafungua mabadiliko yake: mstari mmoja tu. Seva hakuigusa. Alifuta 201 akaandika 500.

Alifuta 201 akaandika 500! Sasa jaribio letu linathibitisha kwa uaminifu mkubwa kwamba seva imeanguka, na siku itakapopona ndipo tutakapopigiwa kengele ya hatari. Ni daktari aliyepima homa akakuta 40, akabandika tangazo kwamba kuanzia leo 40 ndiyo afya. Nilipomuuliza alinitazama kwa upole akasema, “Si yamepita yote?”, kisha akaagiza chai ya maziwa na chapati mbili. Amefuta 201, na chapati mbili!

Kahawa Chungu: Mleta mada, mabadiliko hayaingii bila mtu wa pili kuyaidhinisha. Aliyeidhinisha ni nani?

Mleta mada: Niliidhinisha kwa simu nikiwa ndani ya daladala, bila kuyafungua, na hicho si kiini cha uzi huu.

Kahawa Chungu: Bila shaka ulidhani 500 ni nauli.

Mti Mkavu: Afadhali ninyi. Hapa Moshi wa kwetu ameunganisha majaribio na hifadhidata halisi ya wateja, hivyo kila usiku yanapojiendesha, mgeni aitwaye Jaribio Jaribio huhifadhi nafasi 12, na wapagazi hutumiwa SMS wafike geti la Marangu saa mbili asubuhi.

Mjukuu wa Kibo: Kumbe! Binamu yangu amemsubiri huyo Jaribio mara mbili, tena kwenye mvua. Nauli yake anaidai kwa nani?