Kitoto cha pongo chini ya mikorosho: tumsikilize mwindaji au muuguzi wa wanyama?

Mkorosho_Nachi

Wakuu, habari za saa hizi. Shamba liko Nachingwea, mkoani Lindi, upande wa kuelekea Liwale. Vijana wakifyeka chini ya mikorosho wamekikuta kitoto cha pongo (wengine humwita mbawala), kimejikunja kwenye nyasi wala hakikimbii. Mama yake haonekani. Papo hapo ubishi ukazuka. Jirani mwenye leseni ya uwindaji anasema kiacheni, mnyama mmoja si hoja, hoja ni kundi. Tushughulike na nguruwe pori wanaotumalizia mihogo. Dada mmoja anayejitolea kuuguza wanyama yatima anasema kukiacha kife huku tunakiona ni dhambi, kitafutiwe maziwa sasa hivi.

Kitoto bado kipo palepale. Tufanyeje? Na hawa wawili, nani anajua anachokisema?

Sindano_Kusini

Kaka, kama hamjakishika, msikishike. Kama mmekishika, kirudisheni palepale mlipokitoa.

Pongo hatembei na mtoto kama mbuzi. Anamlaza kichakani, anakwenda kula, anarudi kumnyonyesha, anaondoka tena. Hata kinyesi cha mtoto anakila ili chui asipate harufu. Hali hiyo inaendelea wiki nyingi, mpaka kitoto kipate mbio za kumfuata. Kwa hiyo huko kutokukimbia unakokusema si ugonjwa, ndiyo kinga yake pekee. Ile habari kwamba mama akinusa mkono wa mtu anamtupa mtoto isiwatishe. Kinachomzuia asirudi ni panga, redio na mbwa. Simamisheni kufyeka upande huo, fungeni mbwa, mtu mmoja akae mita 60 au zaidi, upepo ukimjia usoni, asubiri hadi kesho asubuhi. Mama huja giza likiingia au alfajiri.

Yatima wa kweli anajulikana. Masikio na mdomo vya baridi, macho yamezama, mayai ya nzi meupe yameganda kitovuni, analia bila kukoma. Vuta ngozi ya shingo kwa vidole viwili kisha achia: ikichelewa kurudi, ikabaki imesimama kama hema, maji yamepungua mwilini.

Hapo ndipo wengi wanapokiua kwa huruma. Wanakiona kimepoa, wanakimbilia maziwa. Tumbo la mnyama aliyepoa halisagi. Maziwa yanachachia humo, linajaa gesi, kesho mnachimba shimo. Anza na joto: chupa za maji ya uvuguvugu zilizofungwa kitambaa, mbavuni, ndani ya boksi lenye giza. Kikishapata joto ndipo maji ya ORS (ile dawa ya chumvi na sukari ya kurudisha maji mwilini), pakiti moja kwa kipimo cha maji kilichoandikwa juu yake, kidogo kidogo kwa saa chache. Maziwa yafuate baadaye. Ya mbuzi yanafaa, bila kuongeza maji wala sukari. Kwa siku nzima ni kama sehemu moja ya kumi ya uzito wake: kitoto cha kilo 3 kinapata mililita 300, zigawe mara tano. Kinywe kikiwa kimesimama au kimelala kifudifudi, kichwa kimeinuka kidogo. Ukikipakata chali kama mtoto wa mtu, maziwa yanaingia mapafuni, na homa ya mapafu haina msamaha kwa kitu kidogo hivyo. Baada ya kunywa, kifute sehemu za nyuma kwa kitambaa chenye maji ya uvuguvugu, maana bila kulambwa na mama choo kinagoma.

Na hayo yote ni ya kusubiria wakati afisa wanyamapori wa wilaya yuko njiani. Mnyamapori hai ni nyara ya Serikali sawasawa na pembe. Kukaa naye bila kibali ni kesi, hata nia iwe njema namna gani.

Mlenga_Shabaha

Daktari Sindano kaeleza vizuri. Ila niseme na upande wetu wawindaji kabla hatujageuzwa wauaji humu.

Mwindaji anayefuata kanuni anaangalia kundi zima. Chukua simba. Kanuni za nchi hii zinataka dume la miaka 6 kwenda juu. Kwa nini? Dume akipigwa na miaka 4 bado ana watoto wadogo. Dume mgeni anaingia, anawaua wale watoto ili majike yapate joto upesi. Unakuwa umelipia simba mmoja, umeondoa kizazi kizima. Dume aliyefika 6, watoto wake wengi wameshavuka hatari hiyo. Umri unausoma puani: simba kijana ana pua ya waridi, madoa meusi yanaongezeka mwaka hadi mwaka, na weusi ukizidi nusu huyo kapita miaka 5. Kazi hiyo ni ya darubini na subira, siyo ya huruma. Na mapato ya vitalu vya uwindaji yanachangia kuwalipa askari wa vijiji kwenye jumuiya za hifadhi, kama Magingo kule Liwale. Kitoto kwenye boksi hakimlipi askari hata mmoja.

Halafu tuambiane ukweli kuhusu huko kuwaachia porini. Dume la pongo lililolelewa kwa chupa haliogopi mtu. Likishaota pembe linamwona mlezi kama dume mwenzake, na pembe za pongo ni kama misumari miwili mirefu. Ukimpeleka porini nako atakuta madume wenyeji.

Mama_Komba

Kwenye dume la pongo sibishi, kaka. Ndiyo maana mlezi anayejua kazi hampi mnyama jina, hambebi ovyo, na anayemlisha ni mtu mmoja tu. Akianza kutafuna majani anahamishiwa kwenye boma lililojengwa ndani ya pori lenyewe atakaloishi. Baada ya wiki kadhaa lango linaachwa wazi na chakula kinapungua taratibu, anatoka na kurudi mpaka siku asirudi. Tumbili haachiwi peke yake kabisa, kwanza anaundiwa familia. Na kakakuona, jamani, msimweke kwenye pipa mkimpa ugali. Hana meno, chakula chake ni mchwa na sisimizi anaowafukua mwenyewe, na hofu tu inamuua. Mkikutana naye usiku mpisheni apite.

Ila usijifiche nyuma ya hesabu. Hizo pua na miaka 6 ni za mwenye kibali na bunduki ya .375. Huku vijijini kinacholia usiku ni gobore, na aliyejeruhiwa na gobore hayumo kwenye hesabu ya mtu yeyote.

Mlenga_Shabaha

Gobore la usiku ni ujangili, dada, hilo usitubebeshe. Kwetu ukijeruhi una deni. Unasubiri nusu saa, kisha unasoma damu. Nyekundu yenye povu ni mapafu, hayuko mbali. Nyeusi nzito ni ini, mpe muda zaidi. Ikiwa na majani yaliyotafunwa na harufu ya kinyesi, umepiga tumbo: subiri saa kadhaa, maana ukimfuata mapema unamwamsha na atakwenda kilomita. Kichakani gizani haingii mtu, nyati au chui aliyejeruhiwa anakungoja humo humo.

Dungu_Refu

Nimewasoma wote. Mnabishania kitoto, hakuna aliyeuliza mama yake yuko wapi. Mkorosho, kabla ya maziwa na kabla ya bunduki, zungukeni shamba mkague waya.

Jirani yako anasema tushughulike na nguruwe pori. Sawa, nani atawashughulikia? Sisi watu wa kusini wengi ni Waislamu, nyama ile kijijini haina mnunuzi, na risasi ni pesa. Mwindaji anafuata nyati, palahala, pofu. Kwa mfugaji wa nguruwe mzoga wake ni balaa vilevile, maana nguruwe pori anabeba virusi vya homa ya nguruwe bila yeye kuugua. Matokeo yake nguruwe anazaliana anavyotaka, na mkulima anabaki na silaha moja ya bei rahisi: waya wa breki ya baiskeli au nyuzi za tairi iliyochomwa. Waya haujui pua nyeusi wala jike lenye mimba. Umetegewa nguruwe, unakamata pongo anayerudi kunyonyesha, maana wote wanapita ujia uleule wa kwenda majini. Hao yatima wa dada yetu wengine wanatoka humo, na mzee wa leseni anapoteza pongo ambao hakuna aliyewagawia kibali.

Na si pongo tu. Simba aliyekatwa mguu na waya hawezi tena kumkimbiza mnyama mwenye mbio, anatafuta cha karibu. Utafiti uliochapishwa 2005 ulihesabu watu zaidi ya 563 waliouawa na simba nchini tangu 1990, Lindi ikiwa miongoni mwa sehemu zilizoumia zaidi, na mashambulizi yalizidi msimu wa mavuno, Machi hadi Mei. Watafiti waliona uhusiano na nguruwe hawa hawa: nguruwe anafuata shamba, simba anafuata nguruwe, na mtu amelala kwenye dungu la makuti analinda. Mwezi nao uangalieni. Hatari inapanda siku zinazofuata mwezi mpevu, pale giza linapotangulia kabla mwezi haujachomoza. Siku hizo kuanzia saa 12 jioni hadi saa 4 usiku mtu asitembee peke yake, na aliye dunguni asishuke kujisaidia.

Kwa nguruwe, chimbeni mfereji. Kina mita 1, upana sentimita 60, kuta zisimame wima. Ukilaza ukuta umemjengea ngazi. Udongo utupwe upande wa shamba ili ukingo wa ndani uwe juu zaidi. Udongo wa kichanga unabomoka masika, kwa hiyo pandeni mkonge wa kubanana kwenye ukingo. Anzeni na upande wa kichaka au mto, na mzungushe mihogo na mahindi tu, ekari zote za mikorosho hamtaziweza. Kichaka kilichogusa shamba kifyekwe upana wa mita 10 hivi, nguruwe hapendi kuvuka uwazi. Msimu wa korosho mabibo yasilale chini usiku kucha, hiyo ni karamu mnawaandalia wenyewe.

Mkorosho_Nachi

Tumezunguka. Waya tatu, kwenye kijia cha kwenda korongoni. Mbili zimefungwa kwenye gogo, moja imeunganishwa na mti mbichi uliopindwa. Hazina kitu, ila hiyo ya mti nyasi zimekanyagwa sana. Tuzitoe?

Dungu_Refu

Piga picha kwanza na umwambie mtendaji wa kijiji au afisa kabla hujagusa. Mtu akikutwa porini na waya begani hana maelezo.

Za kwenye gogo kateni tu kwa koleo. Ya mti uliopindwa ndiyo hatari: ule mti ni upinde, ukifyatuka unavunja mkono au taya. Usiinamishe kichwa juu yake. Simama pembeni, ufyatue kile kijiti kinachoshikilia mtego kwa fito ndefu, mti ukishanyooka ndipo ukate. Angalia matawi yaliyokatwa na kupangwa kama uzio mdogo pembeni ya kijia. Huwa yanamsukuma mnyama aingie kwenye kitanzi, na ukiona uzio mwingine mbele, kuna waya mwingine.

Sindano_Kusini

Naongeza moja. Mkimkuta pongo yuko hai kwenye waya, msimkurupushe wala msimkate mbio mbio aondoke. Aliyepambana muda mrefu misuli yake inaungua kwa ndani. Unamwona anakimbia, unafurahi, kesho kutwa amekufa kwa figo, mkojo wake una rangi ya kahawa. Watu wasogee mbali, kimya. Mwenye ujuzi amfunike macho kwa nguo nzito, na daktari wa wanyamapori aitwe. Dume lenye pembe msilisogelee kabisa.

Nyasi kukanyagwa bila damu wala manyoya kwenye waya si uthibitisho kwamba alinaswa. Aliyekaa mita 60 asiondoke. Saa ngapi huko, jua limeshazama?

Mkorosho_Nachi

Linazama sasa. Mbwa wamefungwa, kijana yuko kwenye nafasi yake. Kitoto kimesogea kama hatua mbili hivi kuelekea korongoni, kimelala tena.