Wachoraji naombeni ushauri: mteja anataka michoro yote pamoja na madaftari yangu ya rafu

Wino wa Nkuhungu:
Wakuu habari za humu. Nitaeleza kwa urefu kidogo maana jambo lina pande mbili na zote zinaninyima usingizi.

Mimi ni mchoraji, mwanamke, naishi Nkuhungu hapa Dodoma. Kazi inayonilisha ni ya mezani: kava za ripoti, mabango ya semina, kadi za sendofu, nembo za maduka, na vielelezo vya vipeperushi vya afya. Lakini kabla ya hayo yote, asubuhi natoka na kaunta buku na kalamu ya wino kwenda kuchora watu. Mara nyingi ni soko la Majengo, nakaa karibu na kina mama wa mlenda mkavu na karanga. Nikipata usafiri Jumapili naenda Mpunguzi kwenye mashamba ya zabibu, au Chamwino kwa bibi, huko nachora tembe, vinu, mibuyu na mbuzi. Ikifika saa nne jua limekuwa kali na mimi nimesharudi mezani.

Hizo rafu, yaani michoro ya haraka ya kujizoeza, hakuna anayenilipa. Kaka yangu, ambaye ndiye aliyenikopesha hela ya kompyuta, anasema asubuhi ndiyo muda wa kutafuta wateja, si wa kukaa sokoni na daftari. Namheshimu sana na deni lake bado sijamaliza, kwa hiyo maneno yake yananiingia.

Sasa shirika moja limenipa kazi ya kitabu cha watoto cha lishe, kurasa 24, kitakachosambazwa kwenye shule za vijijini mkoani hapa. Kilichowavutia ni hizo hizo rafu, waliziona kwenye simu yangu. Rasimu ya mkataba imekuja na inasema nikabidhi michoro yote halisi, rafu zote "zinazohusiana", na haki zote za matumizi milele. Mtu wao akanifafanulia kwa simu kwamba "zinazohusiana" ni pamoja na madaftari ya sokoni, kwa kuwa picha zimetokana na humo. Malipo ni kwa kila picha, mara moja, basi.

Pia wamerudisha rafu za kurasa za mwanzo. Nilichora familia mbele ya tembe, paa bapa la udongo, wanakula ugali wa uwele na mlenda, mtoto ana zabibu mkononi. Wanataka nyumba iwe msonge wenye paa la nyasi, na zabibu ziwe tufaha, ili "kitabu kieleweke popote".

Maswali yangu: daftari la rafu ni mali ya nani? Haki zote milele kwa malipo ya mara moja ni kawaida? Na ninyi mnaoishi kwa kuchora, huo muda wa rafu zisizolipwa mnaupata wapi? Nahitaji hii kazi, sitaki kuipoteza kwa ubishi.

Mnadani Leo:
Usisaini kwanza. Nakaa hapa nasubiri wajuzi.

Fundi wa Kava:
Dada hongera kwa kazi, na umefanya vizuri kuuliza kabla ya kalamu kugusa karatasi. Nimekuwa kwenye vitabu muda mrefu, nitajibu la haki.

Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inakulinda tangu mchoro ulipotoka mkononi mwako. Ukitaka ushahidi wa ziada unaweza kusajili COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya nchi, ila haki haianzii kwenye usajili. Inadumu maisha yako yote na miaka 50 baada ya hapo, kwa hiyo mtu akikuambia "milele" anagusa hadi urithi wa watoto wako. Halafu sheria inatenganisha mambo mawili. Kuna haki za kiuchumi, yaani kuchapa, kunakili, kuuza, kutafsiri. Hizo unaweza kuziuza au kuzitolea ruhusa kwa muda. Na kuna haki za kimaadili: kutambuliwa kuwa wewe ndiye uliyechora, na kupinga kazi yako kuharibiwa kwa namna inayokuvunjia heshima. Hakikisha jina lako linaandikwa ndani ya kitabu, na weka hilo kwenye mkataba hata kama wanasema "litakuwepo tu".

Ukurasa uliochorwa kwa wino ni kitu, na ruhusa ya kuchapa picha yake ni kitu kingine. Wao wanahitaji ruhusa. Karatasi yenyewe hawaihitaji kwa lolote, mchapaji anatumia faili. Kwa hiyo waandikie kwa upole kabisa: nawapa ruhusa ya kutumia picha hizi katika kitabu hiki, kwa Kiswahili, kwa idadi fulani ya nakala au miaka fulani, mkitaka kuzitumia kwenye bango, kalenda au lugha nyingine tunazungumza upya. Michoro halisi inabaki kwa mchoraji. Madaftari yaliyochorwa kabla ya mkataba na nje ya mkataba hayahusiani. Hilo la mwisho liandike kwa maneno hayo hayo, usiache neno "zinazohusiana" likielea.

Wakikataa katakata na wewe unahitaji hela, basi wauzie haki zote za picha za kitabu hicho, lakini kwa bei nyingine kabisa. Daftari usitoe.

Mtu wa Ihumwa:
Mimi naona tofauti kidogo. Kazi ni chache, mashirika yanaongea, ukionekana msumbufu wanamchukua mwingine mwenye kompyuta na programu za kuchora zenyewe. Daftari ni karatasi. Chukua hela, lipa deni la kaka, jaza daftari lingine.

Fundi wa Kava:
Mkuu Mtu wa Ihumwa, la ushindani ni kweli, silipingi. Ila fikiria: wamempenda kwa sababu ya daftari. Akilitoa, kazi ijayo ataichora kutoka wapi? Daftari la mchoraji ni ghala la mkulima, mbegu zimo humo. Na akishasaini kwamba rafu ni zao, siku akitumia mama yule yule wa mlenda kwenye kitabu cha mtu mwingine wanaweza kumdai.

Mwalimu wa Bahi:
Dada, mimi sichori, nafundisha darasa la pili. Hilo la tembe limenifanya niingie.

Watoto wangu kabla ya kusoma maneno wanasoma picha. Ukiwafungulia ukurasa, wananyoosha vidole: huyu nani, hii nini, kwa nini mbuzi yuko hapa. Wakiona kinu wanakijua, mmoja atasema bibi anacho, na hapo hapo maneno yanaanza kutoka. Ukiwawekea tufaha, wengi hawajawahi kulishika. Nikifundisha lishe kwa tufaha namwambia mtoto kwamba chakula bora kiko mbali na kwao, wakati ubuyu, karanga, uwele na mlenda viko nyumbani. Zabibu Dodoma zinavunwa mara mbili kwa mwaka, wengine wazazi wao ndio wanaozichuma.

Na tembe ndiyo nyumba ya Mgogo, mabibi wa watoto hawa wamekulia humo. Kitabu kinakuja shule za huku, "popote" ni wapi? Waambie wapeleke rafu zako zote mbili, ya tembe na ya msonge, kwenye shule moja wakae na watoto nusu saa. Nadhani hutahitaji kubishana. Mimi niko tayari wakija darasani kwangu, mradi mwalimu mkuu aridhie.

Mama Wawili:
Mwalimu umenigusa. Mdogo wangu, hilo la kupeleka rafu kwa watoto lishike, linawapa mlango wa kubadili mawazo bila kuonekana wameshindwa.

Nijibu la muda. Mimi nashona na kuchora mitindo, nina watoto wawili na mume anayefanya kazi Mtumba, nyumba inaanza kelele saa kumi na moja alfajiri. Nimejifunza kuchora nikiwa nasubiri: kliniki, saluni, foleni ya benki. Daftari dogo la kuingia kwenye pochi, bolipeni moja, basi. Kwa hiyo ukibanwa, punguza masaa lakini usikatishe. Mkono ukikaa muda bila kuchora mtu aliye hai unaanza kurudia sura ile ile kwenye kila kazi, na wateja wanaona.

Kuhusu kaka, mheshimu, na muoneshe kwa hela. Kila kazi inayokuja, muulize mteja ameona nini kwako, uandike. Akiona kwamba kitabu hiki kimeletwa na rafu, hoja yake inabadilika yenyewe.

Mzee wa Kolo:
Wanangu salaam. Binti, ukipata nafasi panda gari la Kondoa, pitiliza mjini uelekee njia ya Babati hadi Kolo. Pale kuna ofisi, watakupa mtu wa kukuongoza hadi kwenye miamba yenye michoro ya kale. Maeneo hayo UNESCO waliyaweka kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2006, na Mary Leakey, mtafiti wa mambo ya kale, alikuja kunakili michoro hiyo mwaka 1951, jiwe kwa jiwe. Utaona watu wembamba warefu kwa rangi nyekundu, utaona wanyama, na mahali pengine mchoro umepita juu ya mchoro, nyeupe juu ya nyekundu.

Nakuambia nenda kwa sababu ya kazi yako, si utalii. Waliochora pale waliangalia mnyama mpaka wakamjua. Twiga ana mistari michache tu lakini huwezi kumkosea. Nenda na daftari.

Mnadani Leo:
Mzee shikamoo. Mimi ni mzaliwa wa Kondoa na sijawahi kufika, nimeona aibu. Nitaenda.

Wino wa Nkuhungu:
Mzee wa Kolo shikamoo, Mwalimu, dada Mama Wawili, wakuu wote, asanteni mno. Nimesoma kila neno mara mbili.

Mtu wa Ihumwa, sijakasirika, umesema wanachosema wengi na mimi mwenyewe nakisikia kichwani kila siku. Ila ngoja nikuelezee kilichomo kwenye daftari. Kuna mama Majengo anapima mlenda kwa kikombe cha plastiki. Anakijaza mpaka kinafanya mlima, halafu anazungusha kiganja juu bila kugusa, kinachomwagika anakirudishia kwenye mfuko wa mteja, si kwenye gunia lake. Kidole gumba anakiweka nje ya kikombe ili mteja aone hajapunguza. Nimeuchora mkono ule kurasa na kurasa mpaka gumba likakaa sawa. Nisingekaa pale nisingejua kama gumba linakaa nje. Na yule mama aliniruhusu nimchore mimi. Nikitoa daftari, sura yake inaweza kuishia kwenye bango ambalo hakuulizwa. Hilo ndilo limeniamulia.

Rasimu ya majibu nimeandika kama Fundi alivyosema. Swali jingine la haraka: michoro ni ya wino na rangi ya maji, nimekuwa nikiipiga picha kwa simu. Kwa kitabu inatosha?

Fundi wa Kava:
Haitoshi, simu inapinda kingo na mwanga unakuwa mweupe upande mmoja. Tafuta skana bapa. Kwa picha itakayochapwa kwa ukubwa ule ule, 300 DPI (nukta kwa kila inchi) inatosha, yaani A4 iwe pikseli 2480 kwa 3508. Michoro ya wino mtupu skani 600 ili mistari isiwe na meno. Futa kioo kila karatasi, vumbi la Dodoma la Agosti linaonekana kwenye anga la kila picha na utakesha unalifuta.

Acha milimita 3 za ziada kila upande kwa ajili ya kukatwa, na usiweke uso wa mtu kwenye mkunjo wa kurasa mbili. Rangi: skrini ni RGB (rangi za mwanga), mashine ya kuchapa ni CMYK (rangi nne za wino), kile kijani chako cha majani ya mizabibu kitafifia, omba ukurasa mmoja wa majaribio kabla hawajachapa vyote. Na kwa hewa kavu ya hapo rangi ya maji inakauka kabla hujaisambaza, lowanisha karatasi kwanza na ufanye kazi mapema.

Malipo: nusu kabla ya kuanza, sehemu baada ya kukubali rafu, na iliyobaki kabla hujatuma mafaili makubwa. Marekebisho mawili yamo kwenye bei, la tatu linalipiwa. Wakikukata kodi ya zuio, dai hati ya makato.

Mtu wa Ihumwa:
Dada umenielewesha, hasa hapo kwa yule mama. Nakuunga mkono. Ongezeko moja: ukichora karibu na ofisi za serikali au reli, jitambulishe kwa mlinzi kwanza. Mimi walinihoji Mtumba, kwenye mji wa serikali, kwa kupiga picha ya jengo tu.

Wino wa Nkuhungu:
Nashukuru. Mrejesho: leo nimeongea nao. Madaftari wameyaondoa bila shida, inaonekana kipengele kilinakiliwa kutoka mkataba mwingine. Jina langu litakuwa ndani. Haki zote bado wanazing'ang'ania, nimewapa bei mbili, ya ruhusa ya miaka mitatu na ya kuuza moja kwa moja, wanajibu wiki ijayo. Tembe wamekubali ikajaribiwe kwa watoto. Mwalimu wa Bahi, nimekutumia ujumbe, naomba unijulishe siku gani mwalimu mkuu anapatikana.

Mwalimu wa Bahi:
Nimeuona. Alhamisi yupo, njooni kabla ya saa tatu asubuhi, baada ya hapo darasa la pili wanatoka kwenda uji. Uje na rafu kubwa, wako wengi na wa nyuma hawaoni.