Mliosoma sayansi chuoni mkakaribia kuacha, tupeane uzoefu

Binti Shinyalu: Jana stendi ya Kakamega nimemwona binamu yangu akishuka kwenye matatu na godoro limefungwa kamba. Mwaka wa kwanza, kemia. Sikuuliza, maana langu nililifunga mara mbili mwaka 2009. Nyie mliofika mwisho, nini kiliwazuia? Nitampa asome.

Komredi wa Njoro: Karo. Chini ya ufadhili huu wa serikali wa vyuo vikuu ulioanza 2023, kama amewekwa kundi lisilolingana na hali ya kwao, akate rufaa. Asikae kimya.

Nyar Ahero: Si karo tu. Yangu ilikuwa imelipwa. Nilitoka shule ya kutwa huku Nyando, bureti (ile mirija ya kioo ya kupimia kemikali) mbili darasa zima, mwalimu anafanya sisi tunatazama. Wiki ya tatu chuoni nikavunja bureti. Jina langu likaandikwa ubaoni pamoja na deni, likakaa hapo wiki nzima. Mhadhiri akaingia, akalisoma kwa sauti, akauliza nani aliwadanganya watu wa shule za kutwa kwamba sayansi ni yao. Darasa likacheka. Wasichana tulikuwa wanne. Jaribio la kwanza la kalkulasi, zile hesabu za mabadiliko, nikapata 7 kwa 30. Nikaacha kwenda kula mesi ili nisikutane na mtu.

Ijumaa nikafunga godoro. Makanga ameshalipandisha juu ya gari, simu ikalia. Msichana wa chumba cha jirani, tuliyekuwa tukisalimiana tu. "Uko wapi? Lile swali la nne la limiti umelifanyaje? Tunakungoja." Na mimi sikuwa nimelifanya! Lakini kusikia kwamba kuna mahali ninangojwa, nikashuka. Makanga alinitukana mpaka godoro likafika chini. Tulikaa watu sita hadi saa nane usiku. Ndipo nikajua wale wa shule kubwa nao hawakuwa wanaelewa, ila wao wanauliza bila kuona haya.

Otis Kondele: Godoro juu ya gari. Nimelia hapa kazini.

Mwalimu Hesabu: Nyar Ahero umenikumbusha Uri Treisman, mwanahisabati aliyekuwa Chuo Kikuu cha Berkeley, Marekani. Miaka ya 1970 alichunguza kwa nini wanafunzi weusi walikuwa wanaanguka kalkulasi. Akakuta wanasoma kwa bidii, ila kila mtu peke yake. Wenzao Wachina wakimaliza kazi wanakutana, wanakosoana. Akaanzisha vikundi na kuwapa maswali magumu kuliko ya darasani. Matokeo yakapanda.

Jembe Rongai: Vikundi vingi ni porojo. Mimi nililala mapema, nikaamka saa kumi, nikasoma peke yangu, nikapita. Na hesabu zikikataa, ahamie kozi nyingine, si dhambi.

Nyar Ahero: Ahamie hata kabla hajafundishwa kushika pipeti?

Jembe Rongai: Dada, kaka yangu alirudia mwaka mara mbili kwa kuambiwa avumilie. Leo ana deni la mkopo na cheti hana. Usinifokee.

Nyar Ahero: Pole. Hilo sikulijua.

Fundi wa Maabara: Mimi ndiye ninayeandika hayo majina ubaoni, na kuanzia leo siandiki tena. Huyo binamu aje alasiri ambayo hakuna darasa, amwombe fundi amwonyeshe vifaa. Hawaji, wanadhani tutawafukuza.

Komredi wa Njoro: Na huyo mhadhiri angekuja huku kwetu. Bruda Peter Tabichi alishinda tuzo ya mwalimu bora duniani 2019 akifundisha hesabu na fizikia Keriko, shule ya kutwa yenye kompyuta moja. Wanafunzi wake wakafuzu kwenda mashindano ya sayansi Marekani. Watoto wa kutwa!

Otis Kondele: Binti Shinyalu, binamu yuko wapi sasa?

Binti Shinyalu: Yuko hapa jikoni, godoro bado halijafunguliwa. Hadithi ya Nyar Ahero ameisoma mara mbili. Anauliza bureti ililipwa na nani.

Nyar Ahero: Tulichanga wote sita. Mia mbili mbili.