Nimeteremshishwa mtambo wa upepo uwanjani kwangu kwa "sheria husika". Ipi hiyo jamani?

Assalaam alaykum wakubwa kwa wadogo. Andiko refu hili, asiye na subira apite. Nina hasira tokea Alkhamis na hazijaisha.

Mie nakaa shamba, pwani ya mashariki ya Unguja, kusini ya Paje. Kijiji sikitaji na ofisi siitaji, kesi bado ninayo na huku tunajuana. Kazi yangu kununua pweza na ngisi bamvua ikitoka, kugandisha, kisha kupeleka mjini. Kwa hiyo roho yangu ipo ndani ya friza. Mwaka juzi umeme ulikatika Ijumaa magharibi ukarudi Jumapili adhuhuri. Nilipofungua kifuniko, pweza kilo arobaini na kitu wamegeuka rangi, maji ya zambarau yamejaa chini, harufu mpaka barazani. Nikachimba shimo nyuma ya mpapai nikawazika. Mke wangu kasimama mlangoni ananitazama, akasema: "Basi wasomee na hitma kabisa."

Siku ile nikaapa.

Na msinambie umeme siku hizi umetengemaa. Umetengemaa kuliko zamani, nakubali. Waliokuwepo Unguja Mei 2008 wanakumbuka tulivyokaa kizani karibu mwezi mzima, na tukadhani yamekwisha, kumbe Disemba 2009 tukazimwa tena mpaka Machi 2010. Miezi mitatu! Visima vya pampu vimekufa, watu wanachota maji kwa ndoo, mjini kila duka jenereta mlangoni. Waya mpya wa baharini wa megawati 100 ulikuja 2013, na Pemba wao walishaungwa na Tanga 2010. Alhamdulillahi. Lakini waya ni waya, na mwisho wake upo ng'ambo ya bahari. Mtu akijiwekea akiba yake ya umeme nyumbani ana kosa gani?

Sola ninayo, mbao mbili juu ya bati. Tatizo sola haifanyi kazi usiku, na friza haijui usiku. Upepo ndio unaovuma usiku. Na kama kuna kitu hatukukosa katika kisiwa hiki ni upepo. Kaskazi ndiyo iliyoleta majahazi ya Arabuni na Bara Hindi, kusi ndiyo iliyoyarejesha. Leo wageni wanapanda ndege kuja Paje kurushwa na kaiti, yale matiara ya baharini, Juni mpaka Septemba, kisha Disemba mpaka Februari, na hakuna aliyewaambia upepo una kibali.

Basi nikapata mtambo uliotumika, kwa mtu aliyekuwa anahama. Mapanga matatu, mduara wake upana mita 2. Kibandiko kimeandikwa wati 500, lakini hiyo ni kwa upepo wa mita 12 kwa sekunde, upepo ambao ukivuma hivyo kila siku hata mabati hatungekuwa nayo. Kwa upepo wa mita 6 nilikuwa napata wati 120 hivi. Mita 4, wati 36 tu. Hapo ndipo watu wengi hawaelewi: kasi ya upepo ikiongezeka mara mbili, nguvu iliyomo ndani ya upepo wenyewe inaongezeka mara nane, ingawa mtambo hauwezi kuichota yote. Ndiyo maana urefu wa nguzo ndio kila kitu. Ukiuweka mtambo chini, kwenye mivinje na minazi, upepo unaufikia umeshapigwapigwa na kuzungushwazungushwa, mtambo unageuka huku na huku kama kuku aliyekatwa kichwa, umeme hakuna, na beringi zinakufa mapema. Mafundi wa kazi hii wanasema panga liwe juu ya kizuizi chochote kwa mita 10, ndani ya mita 150 kuzunguka. Mie hilo nisingeliweza. Nikasimamisha bomba la chuma mita 11, waya nne za kulishikilia, erthi ya radi, chini zege. Ukijumlisha na panga mita 12 kamili.

Kiwanja changu mita 27 kwa 30. Bomba nililiweka katikati. Yaani lianguke upande wowote, linaangukia kwangu. Nilipima kwa kamba, mara mbili, na sheha, kiongozi wetu wa serikali hapa kijijini, akiwepo. Barua ya sheha ninayo. Jirani wa kushoto alikubali, wa kulia aliomba nimchajie simu, tukaelewana. Watoto wakaupa jina: pangaboi la mawingu.

Miezi saba sikutupa hata ngisi mmoja.

Niwe mkweli, makelele yalitokea. Panga moja lilimeguka ncha, nadhani lilipigwa na kuti, likawa linapiga mluzi usiku kucha kwa siku tatu. Mwenye nyumba ya wageni nyuma yangu akalalamika, na alikuwa na haki yake, hata mie sikulala. Nikafunga breki, nikaliziba kwa gundi ya mashua, nikalipiga msasa, mluzi ukaisha. Nikenda kumuomba radhi. Nikadhani yamekwisha.

Wiki mbili baadae wakaja watu watatu na gari. Mmoja ana futi ya kupimia. Akauliza: "Huu mnara wa kampuni gani ya simu?" Wallahi ndivyo alivyosema. Nikamwambia si mnara wa simu, unazalisha umeme wa friza. Akaandika kitu. Mwengine akauliza kama nina cheti cha mazingira. Wa tatu akatazama juu akasema ndege je? Ndege! Kiwanja cha ndege kipo Kisauni, upande mwengine wa kisiwa. Na hapo hapo pembeni ya bomba langu la mita 11 umesimama mnazi wa marehemu babu, si chini ya mita 20, umeinama juu ya njia, unaangusha nazi na makuti juu ya watu. Hauna kibali, hauna waya wa kuushikilia, hauna taa nyekundu. Nikamuonesha. Hakucheka.

Nikauliza: basi unatakiwa uwe mbali kiasi gani na mpaka wa jirani? Wakatazamana. Mwenye futi akasema: "Mara tatu ya urefu."

Hebu tupige hesabu pamoja. Mita 12 mara tatu ni 36. Kila upande 36, maana yake kiwanja kiwe na upana wa mita 72. Eka moja nzima ukiifanya mraba ina mita 63 na kitu kila upande. Kwa hiyo mtu mwenye eka yake nzima Unguja hii bado hawezi kusimamisha bomba la friza! Nikamwambia basi nirejeshewe zile eka tatu walizogaiwa wazee baada ya Mapinduzi. Hilo nalo hakucheka.

Alkhamis karatasi ikaja. Ina muhuri, ina saini isiyosomeka, inasema niuteremshe mtambo ndani ya siku 7 "kwa mujibu wa sheria husika". Basi. Hakuna jina la sheria, hakuna mwaka, hakuna kifungu. Husika na nini? Na hiyo "mara tatu" haimo hata kwenye karatasi.

Nikapanda gari la shamba kwenda mjini. Ofisi ya kwanza: hii ya majengo, si yetu. Ya pili: huo si jengo, ni nishati. Ya tatu kijana mmoja mpole, Mungu ambariki, akanambia "mzee, hatujaletewa kesi kama hii, rejea kwa waliokuandikia". Waliokuandikia ndio wale wa mwanzo. Nauli mara mbili, na mchana mzima mtu nimefunga.

Sasa mtu atasema huyu anataka kila mtu ajijengee anavyotaka. Sitaki hivyo. Mtu akisimamisha bomba la mita 12 hatua tatu kutoka dirishani kwangu na mie ningelalamika. Mji Mkongwe nao, ulioingia urithi wa dunia mwaka 2000, nani mwenye akili atataka kuona mapanga yanazunguka juu ya mapaa yale? Lakini uandike! Uingereza wameandika tokea Disemba 2011: mtambo mmoja kwa nyumba, wa kusimama peke yake usizidi mita 11.1 pamoja na panga, umbali wa mpakani uwe urefu wake ukiongeza asilimia 10, panga lisishuke chini ya mita 5 kutoka ardhini, mduara usizidi mita za mraba 3.8, na maeneo ya urithi wa dunia hayaguswi. Ukitimiza hayo na masharti mengine yaliyoandikwa, kama la kelele kwa jirani, huhitaji kuomba ruhusa ya mipango. Kijana wa skuli anaweza kuisoma akajua kama bomba lake limo au halimo. Kwa kanuni ile mie ningekuwa nimezidisha sentimita 90. Ningekata bomba siku hiyo hiyo kwa msumeno, ningebaki na upepo wangu, na wao wangekuwa wameniwezea kwa haki.

Wakati huo jenereta la hoteli ya mbele linanguruma tokea magharibi mpaka usiku wa manane umeme ukikatika, na moshi wa dizeli unaingia mpaka jikoni kwetu. Kwa hilo futi haijatolewa garini.

Anayejua kifungu, kiwe cha ujenzi, cha mipango ya ardhi, cha nishati, chochote, aniwekee hapa namba na mwaka. Kama kipo na nimekosa, nitalipa faini na kunyamaza.

NYONGEZA, saa 4 usiku: Wanaouliza kwa nini nisigome: siku ya sita nimeuteremsha mwenyewe. Waliniambia wakiuteremsha wao nalipia gari na mafundi. Watu wanne na kamba, tumeulaza taratibu. Bomba lipo uwanjani na kuku washalifanya pahala pa kulala.

NYONGEZA 2: Ndugu aliyeandika "nunua jenereta", asante. Nishauliza bei ya petroli. Na wewe wa Micheweni unayetaka kununua mtambo wangu, hauuzwi. Jumatatu narudi kule na barua ya kurasa mbili, nimeomba kitu kimoja tu, wanitajie namba ya kifungu. Friza nimelizima, pweza wa bamvua hii nimewaachia wenzangu.