Tupeane uzoefu: golemu, dibuki, Lilith, na sisi tuliowahi kuumizwa nyumbani

Kibatari:
Wakuu, habari za jioni. Uzi huu ni wa wapenzi wa hadithi za giza zenye asili ya Kiyahudi. Naanza mwenyewe. Nililelewa na mjomba aliyenipiga karibu kila siku, nikaingia ukubwani na hasira isiyolala. Ndipo nikakutana na kisa cha Rabi Loew wa Prague, aliyefariki 1609. Wasimulizi wanasema alifinyanga mtu wa udongo, golemu, awalinde Wayahudi waliokuwa wakisingiziwa mauaji. Kila Ijumaa kabla ya Sabato alimlaza. Ijumaa moja akasahau, mlinzi akaanza kuvunja kila kitu. Nililia, wakuu. Mlinzi wangu nilimfinyanga nikiwa na miaka tisa, na leo anamfokea mke wangu ambaye hajanikosea lolote.

Sasa naandika hadithi yangu. Kuna masimulizi ambamo golemu ameandikwa *emet*, yaani kweli, kwenye paji la uso; ukifuta herufi ya kwanza inabaki *met*, amekufa. Nimekwama hapo. Mhusika wangu hataki kufuta.

BiMshubiri:
Pole sana kaka. Kwangu mimi kisa ni cha dibuki, roho ya marehemu inayomwingia aliye hai. Kuna tamthilia ya An-sky iliyochezwa Warsaw mwaka 1920. Bi harusi Leah anaingiwa na roho ya kijana aliyempenda, anapelekwa kwa rabi. Nikasema ah, kupunga pepo huku, nakujua. Kumbe kabla roho haijatolewa linaitishwa baraza, na anayeshtakiwa ni baba yake Leah! Alikuwa amepeana ahadi na rafiki yake kuozeshana watoto, halafu akatafuta mkwe tajiri. Anaamriwa agawe nusu ya mali yake kwa maskini.

Nilikiweka kitabu chini. Kidato cha pili nilikuwa naanguka na kupiga mayowe usiku. Nikapungwa mara tatu, ubani, kombe, kuku. Waliuliza pepo anataka nini. Hakuna aliyeuliza nani analala chumba cha pili. Nilikuja kusema nikiwa na miaka 34, mbele ya mshauri nasaha, na nilianza kwa kumsimulia habari za Leah kwa sababu zangu hazikutoka.

Mkwaju_Mbichi:
Mnaompenda Lilith mniwie radhi. Najua, katika masimulizi ndiye mke wa kwanza wa Adamu, alikataa kulala chini yake akaondoka zake, shujaa. Lakini ndiye huyohuyo ambaye wazazi waliandika hirizi zenye majina ya malaika watatu ili asiwachukue vichanga. Mimi nimezika mtoto. Simsomi.

BiMshubiri:
Pole mdogo wangu. Usimsome.

Babu_wa_Dari:
Kibatari, kwani lazima afute? Prague wanasema mabaki ya golemu yamehifadhiwa darini, kwenye sinagogi kongwe, na watu wakakatazwa kupanda. Mwambie mhusika wako ampandishe darini tu, aondoe ngazi.

Kibatari:
Darini! Mkuu, nipe dakika, nimewasha kompyuta.